Matanga ya Kwanza ya Mugawaji

Jina lake sitalitaja, na si kwa sababu ya siri. Nikilitamka hapa sokoni Vulamba, nusu ya wanawake watageuka kuniitikia. Sisi Wanande tunapata majina kwa zamu ya kuzaliwa. Masika, Kavira, Kahindo, Kanyere, mtoto anatoka tumboni jina lake limeshamngoja mlangoni, baba hana haja ya kuumiza kichwa. Ndiyo maana tunatafutana kwa kazi. Yule wa makala, yule wa kushona, yule wa maharagi, ambaye ni mimi. Yeye alikuwa Mugawaji, na hapa Butembo ukisema Mugawaji hakuna atakayekuuliza yupi.

Mugawaji ni yule anayesimama juu ya sufuria siku ya harusi na siku ya matanga. Wapishi ni wengi, kila avenue, yaani kila mtaa, ina wapishi wake, na wengine wanapika vizuri kabisa. Lakini kupika si kugawa. Unaweza kupika bugali wa kulisha kijiji, na ukiugawa vibaya watu wa mlangoni wanashiba, wa nyuma wanaramba vidole vitupu, na familia ya marehemu inasemwa mpaka Krismasi. Yeye alikuwa anachukua mwiko, anatazama sufuria, anatazama watu, na chakula kinatosha. Kila mara. Nilikuwa namuosheaga sahani, miaka mingi, na mpaka leo sijui vizuri alivyokuwa anafanya.

Kitu kimoja nakijua, sababu alinionyesha mwenyewe. Alikuwa anatazama miguu. Watu wakianza kuingia kwenye parsele, uwanja wa nyumba, yeye anaketi karibu na mlango na kikapu cha sombe, anajifanya anachambua majani hayo ya muhogo, kumbe macho yako kwenye viatu. Mwenye matope mpaka magotini ametoka mbali, pengine ametembea tangu asubuhi. Huyo anaongezewa bugali bila kuambiwa neno. Mwenye viatu vya kung'aa ameshuka kwenye gari na amekula kwake kabla ya kuja. Huyo anapata kidogo na anashukuru vilevile, kwa sababu mbele ya watu ataanzia wapi kulalamika? Chef wetu wa avenue, kiongozi wa mtaa, mwanaume mwenye tumbo na moyo mwepesi wa kukasirika, alikuwa anapewa wa mwisho karibu kila mara, na kila mara alikuwa anasema mara ijayo hatakuja.

Usidhani nakuchorea malaika. Kwake nyumbani huyu mama alikuwa na mkono mgumu, mgumu kweli. Ukienda kuomba chumvi anakuuliza kwanza ya kwako ilienda wapi. Makala yake yalikuwa yanalala chumbani kwake, chini ya kitanda, eti panya wasiyachukue. Panya na makala wapi na wapi. Mimi na yeye tuligombana juu ya beseni ya plastiki karibu mwezi mzima. Tunakutana kwenye bomba, anasalimia wote, mimi ananiruka, na mimi namruka. Siku tulipopatana nilimwambia wazi kwamba ukarimu wake ni wa vyakula vya watu. Hakukasirika. Alisema cha watu hakiishi kwa sababu watu hawaishi, lakini chake yeye anakiona mwisho wake.

Na kwenye karamu hakuwa anakula. Hiyo ilikuwa sheria yake mwenyewe, hakuna aliyemwekea. Anayegawa akila, alisema, watu watatazama sahani yake na kuilinganisha na yao. Anagawa, anasubiri sufuria ziishe, anafunga kitenge, anaenda kula kwake mlango umefungwa. Miaka yote ile sijawahi kumuona akiweka tonge mdomoni. Hapo ndipo ugonjwa ulipata pa kujificha. Mtu mwingine angeacha kula, majirani wangeona wiki ileile. Yeye aliacha, na nani angejua?

Mimi nilijua kwa kitenge. Siku moja kwenye harusi ya watu wa huku juu nilimuona anakizungusha kiunoni, kikazunguka, kikaendelea kuzunguka. Nilimvuta pembeni nikamuuliza. Alisema ni minyoo. Nikamwambia minyoo gani inakula mtu mzima namna hiyo, kesho tunaenda hospitali, na ukikataa nitasimama hapa katikati ya bibi harusi na bwana harusi nipige kelele. Alinijua. Alikuja.

Walimpitisha mpira kooni wakaangalia tumbo. Munganga wa hospitali, kijana mwenye adabu, aliniita nje kwenye korido akaanza kuniambia kwa Kifaransa, taratibu, kama mtu anayebeba mayai. Kumbe mama alikuwa ameinuka kitandani na kutufuata. Akasema, bila hasira, kwamba amwambie yeye mwenyewe, tumbo ni lake. Kijana akamwambia. Kansa, imeshaenea, kukata haiwezekani tena. Aliuliza kitu kimoja tu: ataweza kusimama? Munganga akasema kwa miezi fulani, ndiyo. Akamshukuru kwa Kinande, wasingya, wasingya, akafunga viatu vyake.

Tulirudi sisi wawili kwenye moto moja, pikipiki ya kukodi, yeye katikati, mimi nyuma. Nililia njia nzima, uso wangu mgongoni kwake. Tulipofika kwenye mteremko aligeuza kichwa akaniambia ninamlowanisha. Kisha akamwomba mwenye moto asimame sokoni, sombe ilikuwa imepungua nyumbani. Nilishuka nimekasirika. Nilitaka alie. Nilifikiri mtu akiambiwa neno lile anapaswa angalau kukaa chini.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, mvulana, sasa ni baba wa watu. Anafanya kazi Kasindi, kwenye mpaka, anapitisha mizigo ya malori kwa douane, watu wa ushuru, na huko ana mke na watoto. Jioni ile ile mama yake alituketisha, mimi na jirani yetu Hadji. Hadji ni mfanyabiashara, Mwislamu wa hapa hapa, lori lake linashuka Beni na kwenda Kasindi kila likipata mzigo. Mama alitueleza ugonjwa wake kwa maneno machache, kisha akasema mtoto asiambiwe. Nilidhani sikusikia vizuri. Nikasema mtoto ana haki. Nikasema mengi, mdomo wangu unajulikana.

"Ningekuwa ninajua kama hatakuya, ningekuachia umuambie," alisema. "Mais atakuya. Unaelewa? Atakuya."

Nilielewa, na Hadji alielewa kabla yangu, kwa sababu aliinamisha kichwa. Njia ya kutoka Kasindi mpaka Beni, nani hapa anahitaji kuelezwa? Siku inakuwa nzuri, malori yanapita na askari mbele na nyuma, watu wanaimba. Siku nyingine wale wa porini wanatoka kwenye majani, na jioni simu hazipokelewi. Mugawaji alikuwa amegawa chakula kwenye matanga mengi ya watu wa njia ile, Butembo na hata Beni kule Mulekera, walikokuwa wanamwita kwa sababu ya dada zake wa chama cha kanisa. Aliniambia kwamba kwenye matanga ya namna hiyo watu hawali, sahani zinarudi zimejaa, na ndiyo matanga pekee ambapo kugawa hakumsaidii mtu yeyote. Hakutaka mtoto wake apite pale kwa ajili ya mwanamke ambaye, hata akipita, atakufa vilevile.

Basi tukawa waongo watatu. Kila Jumapili baada ya misa mtoto anapiga simu, na mama anamjibu kwa sauti kubwa kwamba ni mzima, kwamba amelima, kwamba maharagi yameota. Akitaka kukohoa anaweka simu chini ya mto kwanza. Huyu mama aliyekuwa anachukia uongo mpaka alimkatalia katekista kusema marehemu mmoja mlevi alikuwa mtu wa kiasi. Nilikuwa nakaa pembeni nikisikia uongo ule na moyo unaniuma. Hadji kwake ilikuwa mbaya zaidi, maana alikuwa anakunywa chai na yule mtoto kila akifika Kasindi, na kila mara anaulizwa mama anaendeleaje. Alikuwa anajibu kwamba mama anamsalimia. Alituambia hilo si uongo, na alipotuambia macho yake yalikuwa mekundu.

Kila lori la Hadji likirudi, mama anamuita kwenye ukuta anamuuliza njia. Si habari za mtoto kwanza. Njia.

Watu wanaonisikia wananiuliza alipata wapi utulivu ule. Sijui kama niuite utulivu. Nilimuuliza siku moja kama haogopi, na alinitazama kama nimeuliza kama maji yanalowesha. Alisema anaogopa, hasa asubuhi, kabla hajafungua macho vizuri. Kisha anakumbuka kuni hazijapasuliwa, anaamka. Ndivyo alivyosema, na alikuwa hanifundishi kitu. Alikuwa anatafuta shoka.

Aliendelea kugawa. Kwanza amesimama, baadaye kwenye kiti kidogo, mwishoni ameegemea ukuta na mwiko mimi ndiye nimeushika, yeye ananielekeza kwa kidevu. Ongeza. Punguza. Yule, hapana yule, yule wa nyuma. Kuna waliosema mgonjwa asikaribie vyakula vya watu. Alisikia, akaanza kufunga kitambaa mdomoni, akaendelea. Harufu ya sombe ilikuwa inampendeza bado, ingawa kumeza hakuweza tena ila uji mwembamba na maji ya ndizi. Alikuwa anainama juu ya sufuria anavuta mvuke, anafumba macho, kisha anasema chumvi imepungua. Na kweli chumvi ilikuwa imepungua.

Kulikuwa na wengine, wa ukoo wake kabisa, walioanza kusema amelishwa sumu. Unajua kwetu, mtu akikonda hatukosi jina la kumtupia. Walikuwa wameshafikia jina, mwanamke mmoja mjane aliyewahi kugombana naye juu ya mpaka wa shamba. Jumamosi moja Mugawaji aliwaita wote, akamuita na yule mjane, akawaketisha kwenye uwanja wake. Aliwauliza kama kuna mtu aliyewahi kumuona akila kwa watu. Hayupo hata mmoja. Akasema basi sumu hiyo ameila wapi, na kwamba atakayelitaja jina la huyu mama tena asije kumzika. Yule mjane alibaki nyuma akafagia uwanja wote bila kuombwa. Padri alipokuja kumpa mpako wa wagonjwa na kumwambia asamehe maadui zake, alijibu kwamba hiyo imeshafanyika Jumamosi.

Sasa nifike kwenye radio.

Kwetu mtu akifa, familia inapeleka tangazo kwenye radio, na tangazo linasomwa asubuhi kabla ya habari. Hata mtu mwenye simu mbili, asubuhi anatega sikio radio iseme nani ametutoka. Siku hiyo nilikuwa nachagua mawe kwenye maharagi. Mtangazaji akasoma kwamba familia inasikitika, na kadhalika, kisha akataja jina lake. Jina la zamu na jina la ubatizo, yote mawili. Matanga, akasema, yako Vulamba. Jioni iliyotangulia nilikuwa nimemuacha anaongea. Nilivuka njia bila viatu, maharagi yamemwagika nyuma yangu, najisemea kwa nini hawakuniita, nani alitangulia kwenda radio kabla yangu mimi.

Nilimkuta amekaa nje kwenye mkeka, karadio mapajani.

"Umesikia?" alisema. "Nimekufa."

Marehemu alikuwa mwanamke mwingine, mzee wa huku juu karibu na chemchemi, jina lilelile, ubatizo uleule, commune ileile ya Vulamba. Zamu ya kuzaliwa ndiyo ilituchezea. Kabla hatujamaliza kushangaa, watu walikuwa wameanza kuingia. Walijua anaumwa, kwa hiyo hakuna aliyejiuliza mara mbili. Wengine na kuni kichwani, wengine na unga, mama mmoja na kuku wawili miguu imefungwa, kwaya imeshavaa. Wanaingia wanalia, wanamuona amekaa, kilio kinakatika katikati. Mwanaume mmoja alikimbia kabisa. Wengine walilia zaidi kuliko mwanzo.

Yeye akaagiza moto uwashwe. Alisema chakula kilicholetwa matanga hakirudi nyumbani, nusu kipelekwe kwa huyo mwenzake wa juu ambaye pengine amekosa watu kwa sababu watu wote wako hapa, na nusu kipikwe. Tukapika. Akakaa kwenye kiti chake akagawa matanga yake mwenyewe. Sijawahi kuona karamu kama ile. Watu wamekula wakicheka na machozi yanadondoka kwenye sahani, kila mmoja anamwambia alichokuwa amekuja kukisema mbele ya jeneza. Chef wa avenue alisimama akasema, kwa sauti ya hotuba, kwamba amelishwa wa mwisho miaka yote na kwamba huo ulikuwa mshahara wa haki. Mugawaji alicheka mpaka akashika tumbo. Halafu, mwiko hewani, akaacha kucheka.

Aliniuliza kama Kasindi wanasikia radio ile.

Nikasema haifiki. Lakini simu zinafika, na hapo ndani ya uwanja kila mtu alikuwa na simu, na tangu asubuhi walikuwa wamezipigia familia zao zote. Nilichukua yangu nikampigia mtoto. Imezimwa, au iko mahali hakuna reseau. Tukampigia mke wake. Mke alilia tu kwa muda, kisha akasema mume wake ameondoka asubuhi, alipopata habari, hakusubiri askari, amepanda gari la kwanza lililokuwa linatoka.

Mama aliweka mwiko chini. Nilikuwa nimemuona kwa munganga, nilikuwa nimemuona na padri, sijawahi kumuona vile. Akaikalia mikono yake. Alisema nigawe mimi. Nikagawa, vibaya, watu wakapokea bila kutazama. Wale waliokuwa wanacheka walianza kujua kinachotokea, mmoja akimwambia mwingine, mpaka habari ikaenea uwanja wote. Hadji alienda na simu yake kwenye ukuta akapigia madereva wote anaowajua. Kwaya haikuimba. Matanga yalikuwa yamegeuka kuwa matanga kweli, ila hatukujua ya nani. Mama alitazama mlango wa parsele mchana wote, na midomo yake ilikuwa inaita Nyamuhanga, Mungu kwa lugha yetu, polepole, jina hilo moja.

Jua lilikuwa bado halijazama alipoingia. Vumbi limempaka mpaka nyusi, begi dogo, na kwenye mkono kitenge kipya kimekunjwa vizuri, cha kumfunikia mama yake. Alimuona. Alisimama, kisha akakaa chini palepale alipokuwa, kwenye matope ya karibu na bomba, kitenge mapajani.

"Umepitia wapi?" mama alimuuliza.

"Njia ni moja, mama."

"Umeona nini?"

"Sikuangalia."

Mama alitazama viatu vyake kwa muda mrefu. Halafu akaomba mwiko, akamwekea bugali mwenyewe, na sombe, akampelekea kwa kutambaa na kiti, hakutaka tumsaidie.

Siku zilizofuata mtoto alitukasirikia sisi wote, na alikuwa na haki. Hakumsemesha Hadji. Mimi aliniita mama wa uongo. Alitaka kumpeleka mama yake Uganda, wanganga wa huko wamwangalie tena. Mama alisema hataki kufia kwenye gari. Basi mtoto alimuogesha, alimkorogea uji, alilala kwenye mkeka miguuni pake. Nilikuwa napita nasikia wanaongea, mambo ya zamani, mambo ya watoto wa Kasindi, na mara mbili tatu nilisikia mama anacheka. Nilifikiri sasa ni vizuri, kosa la radio limetupatia tulichokuwa tunakikosa, ataondoka na mtoto wake pembeni. Lakini ugonjwa ulikuwa hauna haraka, na Kasindi kulikuwa na watoto, na kazi haimngoji mtu.

Asubuhi moja alituita tena, mimi na Hadji, tukakaa uwanjani, mtoto katikati. Alikuwa ameshika wembe mpya, bado uko kwenye karatasi.

"Umeniletea kitenge ya kunizika," alimwambia mtoto wake. "Umelia, batu bamekuona. Umekula matanga yangu. Kinabakia nini?"

"Mama, uko muzima."

"Njo bizuri, minaona kama mutoto wangu alikuya. Njia umeipita mara moja juu yangu. Mara ya pili hapana. Siku ingine bakikuita, usikuye."

Alikataa. Alisema mtoto hawezi kukosa kuzika mama yake, watu watasema nini, yeye mwenyewe ataishi vipi. Alisema afadhali afie njiani. Hapo mama alimpiga kofi, dogo, mkono haukuwa na nguvu, na ndipo mtoto alipoanza kulia kweli. Kwa ukoo wao, siku ya kuondoa matanga mtoto wa marehemu ananyolewa nywele, na akishanyolewa ameshamaliza deni la kilio. Mama alimwambia ainamishe kichwa. Alimlowesha kwa maji ya vuguvugu na kumnyoa, polepole, anapumzika kila baada ya kidogo. Alimkata nyuma ya sikio, akaweka kidole chake hapo mpaka damu ikakoma. Kisha akamwapisha mbele yetu, kwa roho yake yeye mama, kwamba hatapita njia ile kwa sababu ya kaburi lake. Mtoto aliapa. Hadji alikuwa anafuta uso kwa kofia yake. Mimi nilifagia nywele.

Alirudi Kasindi na lori la Hadji, siku ya askari. Mama hakulala mpaka simu ya kufika ilipoingia.

Alikufa msimu wa mvua, asubuhi, nikiwa namgeuza upande. Radio safari hii haikukosea. Nilimpigia mtoto mwenyewe kabla ya tangazo. Nikasikia malori nyuma yake, kisha akasema ameapa. Alikuja baadaye? Hapana, hakuja, na mimi ndiye niliyeshika simu juu ya kaburi ili asikie udongo. Watu walisema. Mtoto mmoja tu, na amekosa kumzika mama yake, kwa sababu ya pesa za douane. Nilisimama pale makaburini nikawaambia kwamba huyu mtoto alishazika, na kwamba alishanyolewa. Walinitazama kama mwanamke aliyechanganyikiwa na kilio. Chakula cha matanga nilikigawa mimi, na kilikwisha kabla ya kufika kwa wanakwaya. Nililia juu ya hilo kuliko juu ya jeneza.

Lakini sitaki kumaliza na jeneza. Nataka kumaliza na alasiri moja, siku chache kabla ya kufa, mvua imeacha, mlango uko wazi. Alikuwa hajaongea tangu asubuhi. Nilikuwa nimekaa kando yake nashona kitufe, naamini amelala. Aliniita kwa jina langu, jina la zamu, ambalo hakuwahi kulitumia.

"Muite mutoto wangu," alisema.

Nilimwomba arudie. Nilidhani homa.

"Muite. Umuambie akuye."

Sauti ilikuwa safi, macho yako wazi yananitazama. Nilichukua simu. Vidole vilikuwa vinakosa namba, nikaanza tena, najiambia Hadji yuko huko leo, askari wako kesho, atafika, kiapo ni cha mama na mama amekifungua. Akaweka mkono wake juu ya simu. Ulikuwa hauna uzito wowote.

"Hapana. Acha."

Nikamuuliza kwa nini basi ameniambia.

"Nilitaka tu niiseme," alisema. "Mara moja, mutu anisikie."

Nikaweka simu chini, nikamwambia nimesikia.